Mashine Inayomheshimu Mzee Method

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekabidhiwa ufunguo. Ufunguo wa mashine ya nyasi! Si ile ya kusukuma kama toroli, hapana. Ile ya kukalia. Matairi manne, usukani, kiti laini, visu vimejificha tumboni. Kijani yote. Niliizunguka kwanza kabla ya kuigusa. Aliyeibuni alikuwa mwenye akili na mvivu kwa wakati mmoja, na watu wa aina hiyo nawaheshimu sana.

Bi Shamimu, meneja wa hoteli, aliniuliza kama nimewahi kukalia trekta. Nikasema nimewahi. Kweli tupu! Ilikuwa kwenye maonyesho ya Nanenane, na nilikaa vizuri tu mpaka mlinzi aliponishusha. Meneja akaniambia wageni wakubwa wanafika Ijumaa, kwa hiyo bustani yote iwe imekatwa. Isipokatwa, mashine anapewa Faridu, fundi wa Mugumu, na mimi narudi Nyamisangura kupanga sabuni dukani kwa mjomba.

Siwezi kurudi. Sababu ni Judith wa mapokezi. Ananipenda, amesema mwenyewe, tena bila kulazimishwa. Kikwazo ni baba yake, Mzee Method, mkuu wa walinzi wa hoteli hii hii. Amemwambia binti yake kwamba hawezi kupokea washenga wa mtu anayeendesha maneno. Anataka mkwe mwenye kazi ya kuonekana. Basi kazi ndiyo hii, na inaonekana hata kutoka lango la hifadhi.

Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Nikavuta juu mkono mwekundu, ule wa kuzungusha visu, nikakata mstari wa kwanza. Raha! Nikaanza wa pili, na hapo Mzee Method akaja kukagua. Mtu wa kupendeza jamani. Mrefu, buti zinang'aa, rungu kwapani. Sasa sisi Wakurya mkwe haamkiwi umekaa. Hata kama mwenyewe bado hajaarifiwa kuwa ni mkwe. Nikainuka juu ya mashine, nikainama, shikamoo baba.

Papo hapo injini ikazima.

Mzee akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Akasema marahaba, akaenda zake. Nikageuza ufunguo, kimya. Hata stata haikulia. Nikageuza tena na tena mpaka kidole gumba kikauma, kimya vilevile. Kazi ya leo ikaishia hapo, mistari miwili.

Jumanne, 12 Novemba

Nimejua tatizo. Betri! Asubuhi nilifungua boneti, nikasugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikameta. Ule mkono mwekundu ulikuwa unanizuia kupita na spana, nikausukuma chini. Nikakaa, nikakanyaga breki, nikageuza ufunguo. Ikawaka! Kumbe mimi ni fundi na sikujua. Nilijisikia vizuri kiasi kwamba nilianza kuimba kwa sauti, na watalii wawili wakanipungia mkono.

Nilikuwa nimefika kwenye kilima kidogo cha mbele ya mgahawa, Mzee Method akatokea. Nikainuka. Shikamoo baba. Ikazima.

Nikasugua betri tena. Kimya. Nikaisugua mpaka nikaogopa itaisha. Kimya. Nikaona basi, ni plagi. Nikaishusha, nikaifuta, nikairudisha, na katika kupandapanda huko goti langu likaugonga mkono mwekundu ukaanguka chini. Ikawaka! Kwa hiyo betri ilikuwa dalili tu, ugonjwa wenyewe ni plagi. Nikamwomba Bi Shamimu aagize plagi mpya. Akaniuliza kwa nini mtu aliyezoea matrekta hafiki hata nusu ya bustani kwa siku mbili. Nikamjibu kwamba nyasi za hapa Ikoma zina kiburi kuliko za kwetu Tarime. Hakucheka.

Jioni hii nikiwa nafua soksi ndipo akili ikafunguka. Betri! Plagi! Upuuzi mtupu. Injini imezima mara ngapi? Kila mara alikuwepo nani? Mzee Method! Mashine inanguruma vizuri, Mzee anakaribia, mashine inanyamaza. Nikaacha soksi kwenye beseni nikakaa chini.

Mzee Method ana nguvu ya kuzima injini.

Na hajisifu! Anapita tu na rungu lake kama mtu wa kawaida. Mimi ningekuwa nayo ningeshaizungumza hadi Sirari. Nimewaza ukoo wetu utakavyofaidika. Wezi wa ng'ombe siku hizi wanakuja na pikipiki. Wakija usiku, baba mkwe anatoka nje na shuka yake, anakohoa, basi. Wanatembea kwa miguu mpaka polisi.

Jumatano, 13 Novemba

Mpango wa leo ulikuwa mzuri, nitausema hivyo hata kama haukufaulu. Mtu mkubwa kama yule humfukuzi, unamweka mbali kwa heshima. Nikamwendea langoni, nikasimama mbali kidogo, nikamwambia wageni wanatamani sana kupiga picha na mkuu wa walinzi akiwa amevaa sare kamili. Nikamwambia asibanduke pale, maana wanaweza kutokea wakati wowote. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nakiri, lakini kila neno nililosema kuhusu sare yake nililimaanisha.

Alienda kuipiga pasi! Akarudi mikunjo imesimama, kofia imenyooka. Siwezi kueleza alivyopendeza. Kuna dereva wa watalii aliyesimamisha gari akidhani ni mkaguzi wa hifadhi, akatoa vibali vyote.

Nikarudi kwenye mashine. Ilikuwa imegoma kuwaka asubuhi yote, nikashusha na kupandisha kila kitu kinachoshuka na kupanda, mwishowe ikakubali. Nikakata upande wote wa bwawa. Nyasi zikalala kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Judith akatoka mapokezi akanitazama, nikakata mstari mmoja kwa mkono mmoja. Nikajiona nimeshapata jiko.

Ndipo akapita Mama Judith na ndoo ya maziwa, analeta jikoni kila siku. Mama mkwe! Nikainuka kwa haraka, nikainama kuliko hata nilivyoinama kwa mzee. Shikamoo mama.

Ikazima.

Kumbe naye! Nikabaki nimeduwaa. Baba nguvu, mama nguvu. Nyuma yake alikuwa anakuja Shangazi Efrazia, dada wa mzee, na kapu la mayai, nikamwamkia naye nimesimama vilevile. Mashine haikuthubutu hata kukohoa. Ukoo mzima! Nilidhani naoa binti mzuri wa kawaida, kumbe naingia katika nyumba ya watu ambao petroli inawaogopa.

Mama Judith akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia hapana mama, imekutambua. Akamtazama Shangazi. Wakaenda jikoni, na baadaye nikasikia kicheko huko.

Bi Shamimu amempigia simu Faridu.

Alhamisi, 14 Novemba

Faridu kaja. Simpendi, ila mtu akistahili sifa lazima apewe. Alishuka kwenye pikipiki na kisanduku kidogo cha spana, chapati mkononi, hata kuiweka chini hakuiweka. Akakaa kitini. Akashusha mkono mwekundu. Akakanyaga breki. Akageuza ufunguo kwa kidole kimoja, chapati iko mdomoni. Ikawaka! Akaanza kukata, anageuza kona kwa kiganja, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Wivu ulinishika mpaka masikio yakapata moto, lakini macho hayakukubali kuondoka. Ningekuwa mtalii ningelipa kumwangalia.

Akaja Mzee Method. Roho juu. Nikamwombea Faridu mabaya, nikatubu, nikamwombea tena.

Faridu hakuinuka! Alikaa vilevile, akaweka mkono kifuani, shikamoo mzee wangu, huku anakata. Mzee akaitikia, akatembea kando yake, wakaongea habari za mvua za Morotonga. Injini inanguruma tu. Nilichukizwa na ile adabu ya kuamkia mzee umekaa. Halafu nikashtuka. Kwa nini haikuzima?

Nikafikiri sana. Jibu likaja lenyewe, na ni jibu tamu. Faridu si mkwe wa mtu hapa! Nguvu ya mzee inachagua. Inamzimia mkwe wake tu. Maana yake ni nini? Maana yake moyoni mwake mzee ameshanikubali, mdomo tu ndio umechelewa! Nikamkimbilia Judith kumpa habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kichwa juu ya meza ya mapokezi, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani ni furaha.

Jioni Faridu akaniita. Akasema, "We Mkurya, njoo uone ugonjwa wako." Akainua kiti. Chini yake kuna kidude cheusi, akasema ni swichi. Mtu akikaa, swichi inabonyea, mashine inajua ina dereva. Akiinuka huku visu vinazunguka, inazima, isije ikamla mtu. Na haiwezi kuwaka tena mpaka dereva akae, akanyage breki, na ule mkono mwekundu ushushwe. Akaniuliza kama huwa ninainuka. Nikasema nainuka pale tu panapostahili. Akaniambia basi nisistahilishe, nikae.

Sawa. Swichi ipo, nimeiona kwa macho yangu. Ila swichi ni mtumishi tu. Nani anaiagiza? Hilo Faridu hakulijibu, alikuwa anafunga kisanduku chake arudi Mugumu; Bi Shamimu kaniachia mashine mpaka kesho.

Ila kanipa wazo bila kujua. Siwezi kukaa mbele ya mkwe, hata kwa bunduki. Na nikisimama, inazima. Kwa hiyo swichi ndiyo ikae kwa niaba yangu! Nimekata mpira wa tyubu ya baiskeli, nimekifunga kiti kuanzia juu mpaka chini ya bodi, nimekaza kwa meno. Swichi imebonyea. Nimejaribu kuwasha, nikainuka, nikacheza kidogo. Haikuzima! Kesho nasimama nitakavyo, nainama nitakavyo, na injini itanguruma mbele ya ukoo wote. Lala salama, Faridu.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ilianza vizuri. Naandika hilo kwanza ili lisisahaulike.

Asubuhi nilimaliza bustani yote, kasoro kipande cha mbele ya baraza. Hicho nilikibakiza makusudi. Mtu anakula nyama mwisho. Wageni wakafika, wakapewa juisi, wakasimama barazani na Bi Shamimu. Mzee Method pembeni na ile sare. Mama Judith na maziwa yake. Judith mlangoni. Nikapiga moyo konde, nikawasha, nikaja mbele yao taratibu, visu vinaimba.

Nilipowafikia niliona kuinuka hakutoshi. Watu wote wale! Mkwe na mama mkwe kwa pamoja! Nikashuka kabisa. Nikapiga hatua, nikavua kofia, nikainama mbele ya mzee kwa mikono miwili. Shikamoo baba. Sijawahi kuamkia vizuri vile maishani mwangu. Na nyuma yangu injini inanguruma, haizimi! Ushindi!

Mzee hakusema marahaba. Alikuwa anatazama juu ya bega langu.

Mashine ilikuwa inaondoka.

Ilikwenda bila haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Ikakata ukanda mmoja mpaka mwisho wa bustani, na nitasema ukweli, huo ndio mstari ulionyooka kuliko yote niliyokata wiki nzima. Halafu ikaingia kwenye maua ya Bi Shamimu. Maua mekundu yakawa yanaruka kushoto na kulia. Ikatoka. Ikaelekea kwenye kamba za shuka. Wageni wakaanza kupiga makofi! Mmoja akamwambia mwenzake kwamba Afrika nayo sasa ina mashine zinazojiendesha, na wote wakatoa simu. Mimi nikabaki nimeshika kofia. Bi Shamimu alikuwa anataja jina langu, lile kamili.

Mzee Method akakimbia. Umri ule! Rungu akalitupa, kofia ikaruka, mikunjo ya pasi yote ikapotea. Akapita kati ya shuka, akaifikia ikiwa karibu na bwawa, akaingia ubavuni mwake, akanyoosha mkono.

Ikazima.

Nilipiga kelele kwa furaha. Faridu, ambaye alikuja kudai pesa ya plagi alizoagizwa, anasema mzee aligeuza ufunguo. Mimi nilikuwa mbali, sikuona ufunguo. Niliona mkono, na niliona injini inakufa. Kila mtu aandike alichokiona.

Bi Shamimu ameninyang'anya ufunguo. Ameniambia nifungashe. Judith hakuniangalia, alikuwa anaokota shuka na macho yake yamejaa maji. Hapo furaha ikaniishia. Nimekaa kitandani na begi langu miguuni. Sina hila yoyote, nimetafuta, hakuna. Nampenda yule binti na nimemfedhehesha baba yake mbele ya wageni.

Jumamosi, 16 Novemba

Mzee Method ameniita nyumbani kwake. Nilienda na begi, nikijua nitaaga. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, goti limefungwa kitambaa cha maji ya moto. Limevimba kwa ajili yangu. Nikasimama mbali, nikainama.

Akaniuliza kwa nini nilishuka kwenye mashine. Nikamwambia kwa sababu yeye alikuwa amesimama. Akaniuliza hata pale mashine ilipoanza kuondoka? Nikamwambia sikuiona, nilikuwa nimeinamisha kichwa. Akakaza kitambaa gotini. Mama Judith alikuwa mlangoni na kibakuli, anasikiliza tu.

Halafu mzee akasema vijana wengi wamepita hapo getini kwake, na pikipiki zao, wanampungia mkono tu. Akasema akili yangu ina kasoro, hilo kila mtu kaliona na wageni wamelirekodi. Ila akili mtu anaweza kuazima kwa mke. Adabu haiazimwi. Akasema amekwishaongea na Bi Shamimu. Nyasi zote zimekatwa, hata zile ambazo hazikuwa nyasi, na wageni wameomba kuongeza siku. Nitapanda maua upya kwa mikono yangu, mpira wa tyubu nimkabidhi yeye.

Nikaweka begi chini. Akasukuma kigoda kingine kwa mguu ule mzima, akasema, "Kaa."

Nikasita. Nikamwambia baba, mbele yako? Akasema heshima yako nimeiona. Kaa hapa, kaa kwenye mashine nipitapo, kaa kazini, kaa na watu. Washenga walete wiki ijayo.

Nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakanifika kidevuni, na machozi yakanitoka mbele yake kama mtoto. Alijifanya anatazama mbuzi. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani anayeweza kuweka mambo mengi vile ndani ya neno dogo. Nimelirudia njiani mpaka nyumbani.

Jumatatu, 18 Novemba

Ufunguo umerudi. Kiti hakina mpira, nimeapa mbele ya Bi Shamimu. Nimewasha, nimeanza upande wa bwawa. Mzee Method akaja, anachechemea, rungu kwapani. Mwili wote ukataka kuinuka. Nikang'ang'ania usukani. Nikamwamkia nimekaa, jasho linanitoka, kwa kuwa ni amri yake.

Haikuzima! Alipita ubavuni kabisa, akasimama, akanitazama, akapita tena. Injini ikanguruma tu. Ameiachia! Juzi alisema kaa, na mashine ikasikia. Nimempigia simu Faridu kumweleza. Akasema swichi, swichi, swichi, halafu akakata. Maskini. Fundi mzuri, ila mambo ya watu wazito hayajui.

Basi nikawa naimba, nakata, sina wasiwasi na kiumbe chochote. Akatokea Mama Judith na ndoo ya maziwa.

Nikakumbuka. Juzi alikuwa mlangoni na kibakuli, lakini hakusema neno. Aliyesema kaa ni mzee peke yake. Mama hajasema!

Nikainuka. Shikamoo mama.

Ikazima, kama nilivyotarajia. Nimeisugua betri mchana kutwa bila faida. Sasa mambo yako wazi kabisa, na nashangaa sikuyaona mapema. Kesho nitamwendea mama na kilo ya sukari aniruhusu kukaa. Keshokutwa Shangazi Efrazia. Halafu Judith anasema kuna wajomba Morotonga, wengi tu, na mmoja ana mazoea ya kuja hotelini kuuza asali. Nitawapitia wote, mmoja mmoja. Ukoo mkubwa! Nyasi zinaweza kusubiri.